Miaka Hamsini na Mitano ya Baba

Barua iliyomtoa baba kazini niliiandika mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, nimeketi juu ya mkeka katika chumba cha ndani, na kalamu ya wino nimeiazima kwa mwalimu wangu wa skuli. Niliiandika kwa Kiingereza, hati safi ya kulala, hakuna doa wala mkwaruzo. Nilipomaliza nilimsomea baba maana yake kwa Kiswahili. Alisikiliza huku ameyafumba macho kama mtu anayesomewa dua, akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, kisha akaiinua ile karatasi akaibusu. Nimesahau mengi ya baba, lakini busu lile halinitoki.

Barua ilisema kwamba yeye, mpimaji wa mizani katika ghala moja la bandarini, ametimiza miaka hamsini na mitano, na kwa hiyo anaacha kazi kwa hiari yake baada ya miezi mitatu na anaomba apewe haki zake. Haki zenyewe tulizijua nyumba nzima, hata mama asiyejua kusoma. Mtu akifika hamsini na mitano yumo kazini, hupewa kiinua mgongo mara moja, kisha pensheni kila mwezi mpaka siku atakapozikwa. Akiacha mwenyewe kabla ya hapo, hupewa mkono wa buriani tu. Baba alikuwa ametumika miaka ishirini na tisa, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha kutumika katika mazungumzo yetu kabla hakijaja. Kilikuwa kinunue boriti. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa imeliwa na mchwa ghorofa ya juu nzima, tukawa tunalala chini watu wote watatu, na mama alikuwa akizihesabu boriti mbovu kila asubuhi kama mtu ahesabuye kuku.

Nyumba nyingine mtaani petu wasichana hawakupelekwa skuli. Majirani waliposikia baba ananipeleka mimi, walimjia barazani mmoja mmoja. Mwanamke akijua kuandika, walisema, ataandikiana barua na wanaume. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hayo aliyajibu. Aliwaambia: “Na aandike. Barua ya kwanza ataniandikia mimi.” Watu walicheka, na mimi nyuma ya pazia nikavimba kichwa.

Kwa nini hakungoja kuambiwa na afisi kwamba muda wake umefika? Mwenzake mmoja wa ghalani aliletewa karatasi na tarishi mbele ya wahamali wote, saa ya kazi, gunia liko juu ya mizani. Mzee yule aliliacha gunia pale pale, akatoka hata kanzu hajaikung’uta. Baba aliapa kwamba yeye hatatolewa kama kapi la mpunga. Atajiandikia mwenyewe, atoke na heshima zake. Hiyo heshima ndiyo iliyotugharimu, na sina la kumlaumu, kwa sababu mimi nami ninayo.

Sasa hesabu. Babu yangu, siku alipozaliwa baba, aliandika ndani ya jalada la msahafu: siku ya Ijumaa, mwezi wa Mfungo Saba, mwaka kadha. Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu. Cheti cha kuzaliwa hatukukijua, tulijua jalada la msahafu. Baba alinishushia ule msahafu kutoka rafuni, ameufunga kwa kitambaa cha kijani, akaniambia, “Nihesabia, mamangu. Mimi nimehesabu, lakini nataka kusikia kwako.” Nikahesabu kutoka mwaka ule mpaka mwaka wetu ule wa Kiislamu. Hamsini na mitano. Nikahesabu tena kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalamu. Hamsini na mitano haswa, na siku chache juu yake. Baba akatabasamu, maana ndivyo alivyopata yeye.

Hakuna mtu katika mji wetu ambaye angehesabu vinginevyo. Umri wetu ulikwenda na mwezi wa mbinguni. Mtu alijua amefunga Ramadhani ngapi, na hiyo ndiyo ilikuwa miaka yake. Na kila mtoto aliona kwa macho yake kwamba Ramadhani hurudi nyuma. Mwaka huu hutukuta ndani ya joto, miaka michache baadaye hutukuta ndani ya mvua. Tuliona, tukasema, tukafanyia mzaha. Lakini hakuna aliyekaa akafikiri kwamba kama Ramadhani inarudi nyuma, umri wake nao unakimbia mbele. Mimi ndiye niliyepaswa kufikiri. Kila asubuhi skulini niliandika tarehe ya Kizungu ubaoni kwa mkono wangu. Nilikuwa na kalenda mbili kichwani, zimekaa kama wake wenza, hazisemezani.

Afisi ilijibu kwa mstari mmoja kwamba barua imepokewa na kuacha kwake kazi kumekubaliwa. Baba aliikunja ile karatasi akaitia ndani ya msahafu. Miezi mitatu ikapita. Siku ya mwisho alikuja na halua ya sahani nzima, akagawa nyumba saba kulia na nyumba saba kushoto, na kila aliyelamba vidole alimwombea: Mungu akupe umri mrefu. Mama naye alikuwa akiitika amina toka jikoni, kwa sauti kubwa, ili kila anayemwonea choyo asikie.

Mwisho wa mwezi uliofuata alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti, akaenda kuchukua haki yake. Alirudi kabla ya adhuhuri. Alipita mbele ya mama bila kumsalimu, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaja mpaka nilipo, akanipa karatasi. “Soma,” alisema. “Soma taratibu.”

Nilisoma. Nilisoma mara ya pili nikitumaini kwamba Kiingereza changu kimenitupa. Siku baba alipoandikwa kazi, karani mmoja alichukua ile tarehe ya jalada la msahafu akaigeuza kuwa tarehe ya Kizungu, kwa kitabu chake, bila kukosea hata siku moja. Kwa hiyo faili la baba lilisema ana miaka hamsini na mitatu na miezi. Aliacha kazi mwenyewe, kwa hiari yake, kwa maandishi. Hiyo hiari niliiandika mimi, tena kwa hati nzuri, nikiona ni neno la adabu. Kwa sababu hiyo hana kiinua mgongo wala pensheni.

Tulikuwa na kalenda ya duka ukutani, ina tarehe zote mbili, za kwao kubwa na za kwetu ndogo chini yake. Nikaishusha. Nilianza kupunguza siku, kumi na moja kwa mwaka huu, kumi kwa ule, nikiandika kwa makaa sakafuni kwa sababu karatasi sikuiona, tarakimu zikawa kama kuku amepekua. Baba alisimama juu yangu akingoja. Mtu aliyeishi miaka ishirini na tisa akingoja sindano ya mizani itulie anajua kungoja.

“Zimepungua ngapi?” aliniuliza.

“Mwaka mmoja na miezi minane, baba. Kasoro siku kidogo.”

Alikaa kitako. Akasema, si kwangu, si kwa mama, “Kumbe mwaka wangu ulikuwa mwepesi.” Basi. Hakuniita mjinga, hakuniinulia mkono, hakumwambia mama kwamba hiyo ndiyo faida ya skuli. Laiti angalinipiga. Fimbo ina mwisho, na mtu akishapigwa hulia akanyamaza. Mimi nilibaki na adhabu yangu mkononi, sina wa kumpa.

Tukaandika barua nyingine. Nasema tukaandika, lakini ni mimi, kwa kalamu ileile, maana hatukuwa na mwandishi mwingine wala cha kumlipa. Tuliomba arudishwe kazini amalizie ule mwaka na miezi. Afisi ikajibu kwamba mtu aliyepita hamsini haandikwi kazi upya. Kwa hiyo alikuwa mzee mno kurudi na kijana mno kustaafu. Tukaomba tena, tukaeleza habari ya mwezi na jua, tukaambatisha nakala ya jalada la msahafu iliyothibitishwa na sheikh. Hawakujibu. Tukaomba mara ya tatu. La kuvunda halina ubani, mama alisema, na baada ya hapo hakutaka kuiona kalamu ndani ya nyumba.

Sijui nieleze vipi miezi ile. Mchele ulikuwa bado haba tangu vita vikuu, tunasimama safu kwa kadi za mgao, na kadi bila pesa ni karatasi. Mama aliuza vikuku vyake, kimoja kabla ya Idi na kimoja baada ya Idi. Kisha akaanza kukaanga vitumbua, yeye ambaye hakuwa amewahi kuuza hata ndimu, na alivipeleka kwa nyumba za watu kichochoroni akijidai ni zawadi, ili wanaolipa walipe kwa kuona haya. Baba alikwenda soko la Marikiti kila asubuhi akawapimia wachuuzi magunia yao, kwa sababu mkono wake ulijulikana kuwa wa haki. Hawakumlipa fedha, walimpa makombo ya mizani: konzi ya kunde, mchele uliomwagika ukafagiliwa na mchanga. Mama alipepeta akalia, akapepeta akalia. Mimi niliacha kula cha mchana nikadanganya kwamba nimekula skulini, kisha hata skuli nikaacha. Kulikuwa na siku nilipotamani baba afe. Ndiyo, naliandika, kwa sababu ni kweli: nilitamani afe upesi, akiwa bado ana kanzu moja nzima, kabla sijamwona akiomba. Kisha niliona jinsi nilivyo, nikaenda kujifungia chooni nikajiuma mkono.

Mwaka na zaidi ukapita hivyo. Ndipo alipokuja bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, ana miwani na kofia ya ukindu, ametumwa kuchunguza wazee wa bandari wanaishi vipi baada ya kuacha kazi. Serikali, alisema, inafikiri kuwawekea pensheni hata wafanyakazi wa chini, lakini inataka kwanza kujua itakuwa mzigo kiasi gani. Alihitaji mwanamke wa kuingia nyumba za Mji wa Kale, maana wanaume wasingekaribishwa ndani na yeye asingefahamiwa maneno yake. Mwalimu wangu akanitaja. Zamani baba asingekubali nipite njiani nikigonga milango ya watu. Safari hii alinitazama, akatazama sahani iliyokuwa mbele yake, akasema, “Enda, mamangu. Jistiri tu.” Njaa ndiyo iliyonifungulia mlango.

Nilikwenda kwa sababu ya ujira, na kwa sababu nyingine pia. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyetumwa na serikali kuuliza habari za pensheni, nikimweleza kisa cha baba, atanyoosha mkono mahali na kila kitu kitageuka. Nililishika tumaini hilo mpaka likaniumiza.

Fomu zilikuwa na maswali mengi. Umri? Alifanya kazi gani? Aliacha lini? Anayemlisha ni nani? Ana bima? Hilo la bima ndilo lililonipa kazi. Nakumbuka ajuza mmoja, mjane wa nahodha wa tishari la kupakulia meli, niliyemkuta akisuka ukili wa mkeka. Nilimweleza kwamba bima ni kulipa kidogo kidogo, ili siku ukifa jamaa zako wapewe kitu.

“Kwa hivyo waniombea nife?” aliniuliza.

“Hasha, bibi.”

“Basi andika, bima yangu naliizaa. Nalizaa wana saba.”

“Na sasa akulishaye ni nani, bibi?”

Akasuka kidogo. “Jirani,” akasema.

Niliandika jirani. Niliandika jirani mara nyingi katika fomu zile, na mkwe, na msikitini, na Mungu. Nilipokwenda mtaa wa Tononoka kwa wazee wa bara waliohamia kazi ya bandari, nilikuta wao hawakuwa na miaka kabisa. Walikuwa na mwaka wa nzige na mwaka wa njaa, na ilinibidi nikisie. Jioni nilizipeleka fomu Kizingo, alikokaa yule bibi, katika nyumba yenye bustani na miti mirefu ya kivuli. Mama alinisindikiza kila siku kwa miguu, akaketi nje ya ukuta kunisubiri, kwa sababu hakutaka kukanyaga majani ya watu.

Yule bibi hakuwa mbaya. Alikuwa na Kiswahili cha vitabuni, kila neno mahali pake, na alipenda kunifundisha. Alinionyesha jedwali alilokuwa akilitengeneza: watu mia wakistaafu pamoja, wangapi watakuwa hai baada ya mwaka, baada ya miaka mitano, baada ya kumi. Mama nilipomsimulia njiani alisimama. “Yuwahesabu ajali za watu?” alisema. “Ajali, siku ya mtu kufa, haihesabiwi. Hiyo ni ya Mngu.” Mimi nilimuuliza yule bibi kama haogopi kuhesabu vifo. Alivua miwani yake akaifuta.

“Kifo hakiniogopeshi katika kazi hii,” alisema. “Mtu akifa mapema, akiba yake inabaki. Kinachoniogopesha ni mtu kuishi sana. Akiba inakwisha naye angali hai. Hiyo ndiyo hatari.”

Nilicheka ndani ya buibui. Kwetu mtu akikufanyia wema unamwombea umri mrefu, na huyu ameuandika umri mrefu katika safu ya hatari. Nilicheka, na usiku huo sikulala.

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo nilijikaza nikamweleza habari za baba. Nilieleza yote, msahafu na barua na kalenda, na nilipofika pale kwenye neno hiari nililia, ingawa nilijiapiza sitalia mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinipa kitambaa chake. Kisha akasema kwamba anasikitika sana, lakini hana uwezo. Yeye alitumwa kutazama watu wote kwa jumla; habari ya mtu mmoja si yake, ni ya afisi iliyomwandika kazi. Nilipaswa kujua. Mkono mtupu haulambwi, na mikono ya yule bibi, pamoja na weupe wake wote, ilikuwa mitupu kama yetu.

Lakini aliinuka ghafla akazichukua fomu zangu. Akazifunua moja moja. “Umri huu ulioandika,” aliniuliza, “wa wazee wote wa Mji wa Kale. Ni miaka ya kalenda ipi?”

Niliziangalia zile tarakimu zangu. Mimi, ambaye hesabu ile ilinivunjia nyumba, nilikuwa nimeingia nyumba baada ya nyumba nikauliza umri, nikaambiwa Ramadhani, na nikaandika kama nilivyoambiwa. Watu husema, aliyeumwa na nyoka akiona ung’ong’o hushtuka. Mimi nilikuwa nimeukanyaga.

Ikanibidi nirudi kila nyumba, nikiwa na kalenda mkononi, kurekebisha. Baadhi ya wazee walinifukuza. Mmoja alisema nimempunguzia miaka miwili, nimlipe. Watatu kati yao walikuwa bado kazini, wamehesabiwa kwa kuwa wako karibu kuacha, na mmoja wa hao alikuwa keshaandikiwa barua ya kuacha, iko chini ya mto, anangoja mwezi uandame aipeleke. Nilipomwonyesha hesabu aliitoa ile barua akaichana vipande vidogo sana, akavitia katika moto wa kahawa. Mkewe aliniletea kashata katika kikapu. Nilitembea nazo mpaka nyumbani nikijiambia kwamba yule mwingine kapona, na moyo wangu, Mungu anisamehe, haukufurahi. Ulisema, kwa nini yeye?

Zilipokwisha zote, yule bibi alitandaza ramani ya mtaa mezani, kila nyumba yenye mzee wa bandari ameitia alama ya penseli. Akaweka kidole. “Hii hukuijaza,” alisema. Ilikuwa nyumba yetu. Nilimwambia ni ya baba. Alinishika bega, akasema kwamba anaelewa, lakini nikimwacha mtu nje kwa sababu naumia, jedwali litadanganya. Alinipa fomu moja nyeupe.

Nilimkuta baba chumba cha ndani, pale pale nilipoiandika ile barua. Alikuwa ametoka Marikiti, miguu yake ina vumbi la unga. Ulikuwa mwezi uleule ambao, kwa kitabu cha afisi, alikuwa anatimiza hamsini na mitano. Nilijua, na yeye alijua, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tangu asubuhi. Niliketi mbele yake, sikuvua buibui, nikaweka fomu juu ya goti kama nilivyofanya nyumba zote.

“Wanijia kama mgeni,” alisema, na alikuwa akitabasamu kidogo.

“Ni kazi, baba.”

“Haya. Uliza.”

Nikauliza kazi aliyofanya. Akasema, mpimaji wa mizani. Nikauliza aliacha kwa sababu gani, akasema, “Andika, kwa hiari yake.” Nikaandika. Nikauliza anayemlisha ni nani. Akatazama mlangoni, kule mama alikokuwa akipuliza moto, akasema, “Andika wanawake wawili.” Nikauliza kama ana bima, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeliruka swali la kwanza, na yeye alikuwa ameona.

“Hukuniuliza umri.”

“Umri wako, baba?”

“Andika utakavyo wewe, mamangu. Wewe ndiwe ujuae hesabu.”

Sijui mpaka leo kama ilikuwa lawama. Sauti yake haikuwa na lawama, ilikuwa sauti ya mtu anayemkabidhi mwenziwe kitu akishikilie. Niliandika hamsini na mitano. Machozi yalidondoka juu ya tarakimu nikayafuta kwa ncha ya buibui, wino ukatanda, na ile ndiyo fomu pekee yenye doa katika zote nilizojaza.

Alingoja ninyamaze. Kisha aliuliza ile karatasi ni ya nini hasa, wanataka kujua nini. Nikamweleza jedwali, kwa maneno mepesi: mtu akishaacha kazi, anatarajiwa kuishi miaka mingapi zaidi. Alikunja mikono magotini, jinsi alivyokuwa akikaa zamani ghalani akingoja mizani.

“Na mimi, hilo jedwali lasema nimebakiwa na mingapi?”

“Mingi, baba,” nikasema upesi, nikidhani nampa kitu. “Zaidi ya kumi.”

“Ya kwao au ya kwetu?”

“Ya kwao.”

Midomo yake ikachezacheza, anahesabu. Kule jikoni mama alikuwa akikwangua sufuria. Baba aliinua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze niliona kwamba anaogopa.

“Basi mirefu hiyo, mamangu,” alisema. “Mirefu muno.”